Kibarua Akikohoa, Nani Anamlipa?

Wasomaji wangu, tangu tulipomjibu yule mama muuza samaki aliyekufa ganzi vidole kwa barafu, barua za kazi zimefurika. Wengi mnauliza swali moja: ni kazi ipi inayomaliza mwili haraka? Mnataka nizipange foleni, mgodi mbele, kuchomelea nyuma yake, mwisho ofisi. Hapana. Mimi ni muuguzi wa siku nyingi hapa Lubumbashi, Kongo, zamani katika hospitali ya kampuni, sasa katika kituo cha afya huku Katuba. Nimeona watu wawili wa kazi ileile, mmoja akazeeka na wajukuu, mwenzake tukamzika kijana. Someni barua ya kwanza, mtajua kwa nini foleni hiyo siitaki.

*

*Yambo Mama. Nina miaka 27, nakaa Ruashi. Nafanya kazi kwenye kinu cha kusaga mawe, njia ya Likasi, lakini aliyenichukua si mwenye kinu, ni sosiete, kampuni ya kukodisha watu. Tunalipwa kwa siku, majina yanaitwa asubuhi getini. Tangu Pasaka nakohoa. Mwenzangu tunayesimama naye mashine moja ana kontra, mkataba wa kazi. Yeye alipewa barakoa ya kweli na akapigwa picha ya kifua. Mimi nikikohoa mbele ya kapita, msimamizi wetu, kesho jina langu haliitwi. Sasa nakunywa dawa ya kikohozi kwa siri kabla sijaingia. Je, hili vumbi litaniua? – J., Ruashi*

Mwanangu, kikohozi kwanza. Kikohozi kilichopita wiki mbili hakitulizwi kwa dawa ya chupa, kinapimwa. Nenda kituo chenye kipimo cha kifua kikuu, utoe makohozi ya asubuhi, yale yanayotoka chini kifuani, si mate. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure nchini kwetu, na dawa hunywewa kwa miezi sita kwa kawaida. Usiache njiani hata ukijisikia mzima.

Nakupeleka huko kabla ya pengine popote kwa sababu ya mawe yako. Jiwe likisagwa hutoa vumbi la silika. Vumbi linalokuumiza si lile unaloliona likielea kwenye mwanga wa mlango; hilo ni kubwa, pua na koo hulikamata, unalitema. Linalofika mwisho wa pafu ni dogo hata jicho halilioni. Likifika huko linaacha makovu, na kovu la pafu halifutiki. Ndiyo silikosisi, ugonjwa usio na dawa. Juu ya hayo, pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko pafu la jirani yako anayeuza makaa.

Kitambaa ulichofunga puani hakizuii vumbi hilo. Kinachosaidia ni maji: jiwe lilowanishwe kabla ya kuingia kinuni, sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagiwa. Mwombeni kapita bomba la maji kabla hamjaomba barakoa. Bomba linawafaa wote, mwenye kontra na asiye nayo, na kapita mwenyewe anapumua hewa hiyohiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwaasa waganga wenzake wamuulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo ninalo mpaka leo. Ila hapa kwetu nimeliongezea la pili: unalipwaje? Kwa siku, kwa mwezi, kwa gunia, kwa ahadi? Jibu la hilo la pili mara nyingi huniambia ugonjwa umefika wapi kabla sijaweka kipimo kifuani.

Walinijia asubuhi moja wanaume wawili kutoka eneo moja la kazi. Wa kwanza alikuwa na karatasi ya matibabu ya kampuni, ameoga, amekaa kwenye benchi anasoma ujumbe kwenye simu. Kikohozi chake kilikuwa kipya. Wa pili alikuja na mabuti ya kazi miguuni, kwa sababu alitaka nimmalize haraka awahi kuitwa jina. Franga zake zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kitambaa cha mke wake. Alipokohoa aliziba mdomo, akatazama kiganja, akakifunga ngumi nisione. Niliona. Vumbi lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza siku ya kuugua ilikuwa bado ni siku ya mshahara, na wa pili siku ya kuugua ilikuwa ni siku ya njaa, basi aliisogeza mbele mpaka damu ikatoka.

Kwa hiyo, J., karatasi yako ni sehemu ya dawa yako. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya Oktoba 2002 iliyorekebishwa Julai 2016, inasema hivi: kibarua wa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa haina mwisho uliopangwa. Ukiona watu wanapumzishwa kila wakikaribia siku ya 20 au 21, sasa unajua anayewapumzisha anahesabu nini. Na mwenye kontra, sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amtibu, yeye na familia yake, mpaka kontra itakapoisha.

Nunua daftari la shule, lile dogo. Kila jioni andika tarehe, jina la kapita, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi ulicholipwa. Ukiumia au ukienda kituo cha afya, andika. Mwenzako asiyejua kuandika mwandikie na yeye. Halafu, nakuomba sana, usiende peke yako kwa inspekta wa kazi ukiwa umekasirika. Nendeni wengi, mkiongozana na delege wa sandika, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akiwepo. Mmoja hufutwa kwenye orodha kesho yake. Ishirini wenye madaftari ni shida kuwafuta.

*

*Mama, nisaidie. Ni sentineli, mlinzi, mtaa wa Golf, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, siku zote saba. Patroni si mtu mbaya, ananipa chakula. Lakini kitambi kinakua, mchana usingizi hauji, mke wangu anasema nimekuwa mkali hata kwa watoto. Juzi duka la dawa walinipima tansio, yaani shinikizo la damu, wakaandika 160 kwa 100. Kichwa hakiniumi. Nina miaka 48. – Baba F., Kampemba*

Baba, saa kumi na mbili mara siku saba ni saa 84. Sheria inasema 45 kwa wiki, na angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Najua utaniambia kulinda ni kukaa tu. Moyo wako hausemi hivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupooza kwa kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Wewe umeipita 55 siku ya tano.

Na ni usiku. Mwili una saa yake, inayofuata mwanga. Usiku sukari ya damu haishughulikiwi vizuri, kwa hiyo bukari, ugali wetu, unalopewa saa saba usiku linakwenda moja kwa moja kwenye kitambi. Kula chakula chako kikubwa jioni kabla ya kutoka nyumbani. Usiku chukua kidogo, karanga, ndizi, chai isiyo na sukari nyingi, na baada ya saa nane usiku uache chai pia, isije ikakufuata kitandani.

Usingizi wa mchana chini ya manjanja, mabati yetu, mwezi wa Oktoba, nani anauweza? Lala mara tu unapofika, kabla bati halijapata moto, usianze kwanza kurekebisha uzio wala kupokea wageni. Tundika kitambaa cheusi dirishani. Mke wako awaambie majirani kwamba kwako wewe asubuhi ndiyo usiku. Ukali unaousikia si tabia mpya, ni usingizi uliokosa. Watoto waelezwe hivyo, na wewe ujieleze kwao.

Tansio ya 160 kwa 100 haingoji kichwa kiume. Wengi hawasikii kitu mpaka siku mkono mmoja unapokataa kunyanyuka. Rudia kipimo siku nyingine mbili au tatu, umekaa kimya dakika tano kwanza, kisha uonane na daktari. Ukiandikiwa dawa ni ya kila siku, siyo ya siku unayojisikia vibaya. Samaki mkavu mlowekeni na kumwaga maji ya chumvi kabla ya kupika.

Kwa patroni, usianze na sheria, maana umesema si mtu mbaya. Anza na karatasi ya tansio. Mwambie: Patroni, nikianguka usiku geti litabaki wazi, nipe usiku mmoja kwa wiki, nitakuletea mtu wa kunishikia. Sheria iweke mfukoni. Akikataa, itoe.

Na vaa mikono mirefu na soksi huko nje. Sentineli wengi wananijia na malaria kila mara huku chandarua kizuri kinawalindia watoto nyumbani.

*

*Mama, mume wangu anachimba kobalti Kolwezi kwa mkono, hana kampuni. Mwisho wa mwezi anarudi na begi la nguo, mimi ndiye ninayefua. Nina mimba ya miezi mitatu. Kwenye mtaa wetu mke wa mchimbaji mwingine alizaa mtoto mwenye mdomo uliopasuka, na bibi zetu wanasema ni laana ya mali ya ardhini. Naogopa. – Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

Binti yangu, laana tuiache. Mwenzako asitengwe, na mtoto wake apelekwe hospitali, mdomo uliopasuka unashonwa na kupona vizuri.

Lakini woga wako una mahali umetoka, siwezi kukudanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha utafiti walioufanya humu humu mjini kwetu. Waliwalinganisha watoto waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na watoto waliozaliwa bila kasoro, wakawauliza wazazi maisha yao. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba: kasoro zilionekana zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya madini. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, hausemi kila mchimbaji atazaa mtoto mwenye kasoro. Wachimbaji wengi sana wana watoto wazima, umewaona mwenyewe. Miaka miwili kabla yake, 2018, ulitoka utafiti mwingine kutoka Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi watu walikochimba kobalti chini ya nyumba zao. Kobalti ilikutwa nyingi kwenye mkojo wa wakazi, na watoto ndio walioizidi kuwa nayo. Maana yake vumbi halibaki shimoni, linaingia nyumbani.

Basi lizuieni mlangoni. Nguo za shimoni azifue yeye mwenyewe huko huko Kolwezi kabla ya kupanda gari. Wewe ukiwa na mimba usiziguse. Kama zimefika hazijafuliwa, zisikung'utwe zikiwa kavu. Zilowekwe kwanza na begi lake, beseni la peke yake, na maji yake yamwagwe mbali na kisima na mboga. Mabuti yabaki nje. Aoge na kichwa kabla ya kumkumbatia mtu. Wanaume watakataa wakisema unawaonea haya. Msomee mume wako barua hii.

Wewe nenda kwenye kliniki ya wajawazito mwezi huu, si mwezi wa sita kama tulivyozoea. Upewe vidonge vya chuma na foliki, upimwe. Na kwa kuwa mume wako hana kampuni, hana kontra, hana wa kumtibu, ule mfuko mnaotunza kwa ajili ya bati za nyumba, gawanyeni: sehemu iwe ya kujifungua.

*

*Mama, mume wangu aliachishwa kazi mgodini mwaka jana, kontra iliisha hawakuifanya upya. Hana ugonjwa wowote. Lakini haamki, haogi mpaka nimgombeze, jioni anakwenda kwa watu wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Kaka zake wanasema amekuwa mvivu. Mimi nauza mikate ndiyo tunakula. – Mama B., Katuba*

Mama B., umeandika kwamba hana ugonjwa wowote. Ninayasoma maneno yako na ninauona.

Sisi watu wa Lubumbashi tunapaswa kuujua kuliko wengine. Wazee wetu walisema kampuni njo baba, njo mama, na haikuwa mzaha: ilitoa nyumba, unga, shule, hospitali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa mpigo mmoja katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Kila mtaa una baba aliyekaa kwenye kiti kile cha plastiki mbele ya nyumba baada ya hapo. Walipoteza mshahara, ndiyo, lakini pia walipoteza saa ya kuamka, watu wa kusalimiana nao getini, na jibu la kumpa mtoto anayeuliza baba anafanya nini.

Huko Austria, mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya kiwanda pekee cha kijiji cha Marienthal kufungwa, watafiti walikaa dirishani na saa wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole kuliko wanawake, na walisimama-simama njiani. Wanawake walikuwa bado na kazi za nyumbani. Wanaume muda ulikuwa mwingi, na hawakuweza hata kueleza siku imekwenda wapi. Sasa tazama nyumba yako: wewe na mikate yako, yeye na kitanda.

Usimfukuze kutafuta kazi kila asubuhi kwa matusi. Mpe saa. Mwombe, siyo kumwamuru, akupelekee mikate sokoni saa kumi na moja asubuhi, hesabu za mikate ziandikwe na yeye, deni la wateja likusanywe na yeye. Kaka zake waje wampeleke shambani badala ya kumhukumu. Lutuku ni shida ya pekee: kama mikono inatetemeka asubuhi kabla hajanywa, asiache ghafla peke yake, ni hatari, aje kituoni tumsimamie. Na akianza kusema angeona heri afe, usingoje Jumatatu, mlete siku hiyo hiyo na usimwache peke yake njiani.

*

*Mama, mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Sauti inakatika kila Alhamisi. Darasa lina watoto wengi sana tangu elimu ya bure. Halafu jina langu bado halijaingia kwenye orodha ya kulipwa na serikali. Nifanye nini na koo? – Mwl. K., Kamalondo*

Mwalimu, koo kwanza: maji kila kipindi, usisafishe koo kwa kukohoa-kohoa, na usinong'one ukidhani unaipumzisha sauti, kunong'ona kwa nguvu huikaza zaidi. Wafundishe watoto kunyamaza kwa makofi. Watoto wa mbele wawe wanarudia maelezo yako kwa wa nyuma. Sauti ikikatika zaidi ya wiki tatu mfululizo, uonane na daktari wa koo.

Kuhusu orodha, tangu Septemba 2019 madarasa yamejaa na walimu wapya wasiolipwa wako kila shule. Kusimama siku nzima bila kujua mwezi utaisha vipi kunakaza shingo, koo na tumbo. Dawa ya koo nimekupa. Ile nyingine iko kwa wanaotunza orodha, nami nimeiandika hapa waisome.

*

*Mama, sisi manseba, madereva wa pikipiki za abiria, tunasikia pikipiki inaharibu figo. Mgongo unaniuma kiunoni kila jioni. Ni kweli? – Manseba wa Kampemba*

Pikipiki haigusi figo. Maumivu ya kiunoni kwa mtu anayekaa juu ya mashimo ya barabara zetu mchana kutwa kwa kawaida ni misuli na mifupa ya mgongo. Kinachoweza kuharibu figo ni kile unachokunywa kwa ajili ya mgongo huo: vidonge vya maumivu vya barabarani, dikilofenaki na ndugu zake, kila jioni, juu ya mwili ambao haujanywa maji tangu asubuhi kwa sababu hesabu ya mwenye pikipiki inakukimbiza na huna pa kukojoa. Kunywa maji, shuka ujinyooshe kila unapongoja mteja, vidonge hivyo viache. Ukikojoa damu, au mguu ukifa ganzi, njoo kituoni, na uje na pakiti ya hivyo vidonge nione ni vya nini.